Allidina Visram: Mfanyabiashara wa Ufuta na Sabuni

Mafuta ya kujipaka na sabuni ya kuogea huhesabiwa kuwa mambo madogo ya urembo. Lakini nyuma yake wamo wakulima, wapagazi na wafanyabiashara. Miongoni mwa waliofungua njia ya biashara hiyo katika Afrika ya Mashariki, jina la Allidina Visram hutangulia.

Alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851, akavuka bahari akiwa mtoto wa miaka 12. Bagamoyo alifunzwa kazi ya misafara chini ya tajiri Sewa Haji Paroo. Sewa alipofariki mwaka 1897, Visram alizidi kusogea bara, akifungua maduka katika njia ya kuelekea Uganda.

Alifika Kampala kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Siku hizo mji ulikuwa ni Old Kampala, kilima ambacho Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwezi wa Desemba 1890. Juu walikaa askari, wengi wao Wasudani. Chini yao likakua soko la nguo, shanga na chumvi.

Mkataba wa mwaka 1900 uliwatoza wenyeji kodi ya nyumba ya rupia 3. Mkulima alikuwa na shamba, bali rupia hakuwa nazo. Visram alinunua alichokuwa nacho mkulima: ufuta, karanga, ngozi, nta, na baadaye pamba. Vinu vyake vya Kisumu na Pwani vilikamua ufuta na nazi kavu, na Mombasa alikuwa na kiwanda cha sabuni. Mafuta ya namna hiyo ndiyo ambayo akina mama wa Pwani wameyatia asumini na kujipaka tangu zama za kale. Hivyo mbegu ya shambani ikapata thamani mpya.

Kufikia mwaka 1904 alikuwa na matawi zaidi ya 30. Alifariki Mombasa mwaka 1916, baada ya kuugua katika safari ya Kongo. Mwanawe, Abdulrasul, alijenga shule ya Mombasa yenye jina la baba yake, iliyofunguliwa mwaka 1923. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1920 biashara ilianguka.

Askari ataelewa upesi funzo lake. Kikosi kinachomtegemea kamanda mmoja, hata awe hodari namna gani, hutawanyika siku anapoanguka. Ushupavu wa Visram ulifungua njia; warithi wa kuishika hawakuandaliwa.