Kawawa: Mtetezi wa mshahara aliyewafunga wafanyakazi mikono

Januari 1, 1963, kima kipya cha chini cha mshahara kilianza kutumika nchini Tanganyika. Katika Jiji la Dar es Salaam mwajiri hakuruhusiwa tena kumlipa mfanyakazi mtu mzima chini ya Sh150 kwa mwezi. Viwango vya miji midogo na vya vijijini vilikuwa chini ya hapo, lakini kwa mara ya kwanza sheria ya mshahara ilivuka mipaka ya jiji na kuwagusa watu wa mashambani.

Nyuma ya uamuzi huo lilisimama jina la Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka saba tu kabla ya hapo alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akizunguka kudai nyongeza. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu, na serikali yake ndiyo iliyopokea mapendekezo ya bodi ya mishahara chini ya uenyekiti wa Mwingereza Donald Chesworth na kuyafanyia kazi.

Mwaka huohuo serikali yake ilipitisha pia sheria zilizofanya mgomo kuwa jambo gumu mno kuitisha kihalali. Mkono mmoja ulitoa mshahara, mwingine ukachukua silaha ambayo wafanyakazi walikuwa wakiudaia mshahara huo. Maisha ya Kawawa hayaeleweki bila kuitazama mikono yote miwili.

Mtoto wa Ungoni

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, Songea, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Namtumbo mkoani Ruvuma. Nchi ya Wangoni alikotoka ilikuwa miongoni mwa machimbuko makubwa ya nguvu kazi ya Tanganyika. Mwaka baada ya mwaka, vijana waliondoka huko kwa maelfu kwenda Tanga na sehemu nyingine za pwani kukata mkonge, wakijulikana kwa jina la manamba.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Uliletwa mwaka 1893 na mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika salama na kupandwa Pangani. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyotanda Pangani, Muheza, Korogwe hadi Morogoro. Anayetoka Miono, kaskazini ya Mto Wami, akashika barabara ya Segera kuelekea Tanga, huingia katika nchi hiyo ya mkonge kabla safari haijawa ndefu.

Wenyeji wengi wa pwani hawakuipenda kazi ile. Waliokuwa na shamba la mihogo, minazi au mikorosho hawakuona sababu ya kuchomwa na miiba ya mkonge kwa ujira mdogo, hivyo wenye mashamba wakawatafuta watu wa mbali: Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde na wengine kutoka nje ya mipaka. Malipo yalikwenda kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo kazi yake haikukamilika haikuandikwa, na kadi isiyojaa haikulipwa.

Hoja ya waajiri ilikuwa kwamba manamba ni mkulima aliyekuja kutafuta fedha ya kodi na nguo, na kwamba mkewe na watoto wake wanalishwa na shamba lililobaki kwao. Kwa hiyo mshahara wake ulikadiriwa kama wa mtu asiye na familia. Hoja hiyo ndiyo ambayo vyama vya wafanyakazi vilikuja kuipinga.

Kutoka sinema hadi chama

Kawawa hakuwa manamba. Alisoma hadi Shule ya Serikali ya Tabora, shule iliyowalea viongozi wengi wa uhuru, kisha akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Katika idara ya ustawi wa jamii alishiriki kutengeneza sinema za Kiswahili za kuelimisha umma, na akawa mwigizaji mkuu katika sinema ya Muhogo Mchungu. Mamia ya watu waliijua sura yake kabla ya kulijua jina lake katika siasa.

Watumishi wa serikali wa wakati huo walipangwa kwa rangi. Mwafrika, Mhindi na Mzungu waliweza kukaa katika ofisi moja, wakashughulikia majalada yaleyale, na mwisho wa mwezi wakaondoka na bahasha zenye uzito tofauti. Waafrika walikuwa na chama chao, TAGSA, na Kawawa akapanda hadi kukiongoza. Siasa ilikuwa imefungwa kwao: tangu mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa chama cha siasa. Mlango uliobaki wazi ulikuwa ule wa chama cha wafanyakazi.

Oktoba 1955 vyama mbalimbali vilikutana na kuunda Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, lililofahamika kama TFL. Tom Mboya wa Kenya, ambaye wakati huo alikuwa amejijengea jina kwa kusuluhisha mgomo wa makuli wa Mombasa, alikuwa ametoa ushauri na moyo. Kawawa alichaguliwa katibu mkuu wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali, yenye mshahara wa uhakika na heshima, akaingia katika kazi ya chama ambacho mfuko wake ulitegemea michango ya makuli, wapishi, matarishi na madereva.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya migomo. Mwishoni mwa 1956 mgogoro wa wafanyakazi wa mahoteli na majumbani ulisambaa katika viwanda na maduka ya Dar es Salaam. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliweka kima cha chini cha kisheria, lakini kwa Dar es Salaam peke yake. Mwaka 1958 mgomo wa kiwanda cha bia uliungwa mkono na wananchi waliosusia kinywaji hicho, na mwaka huohuo wakata mkonge wa Mazinde waligoma. Mwanzoni mwa 1960 reli ilisimama kwa karibu miezi mitatu.

TFL na TANU vilikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Mfanyakazi aliyegoma asubuhi alihudhuria mkutano wa TANU jioni, na Kawawa alikuwa na kiti katika nyumba zote mbili. Mwaka 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1960 akateuliwa waziri wa serikali za mitaa.

Ndugu wa jana

Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge upya chama, akamkabidhi Kawawa madaraka. Kawawa alikuwa na umri wa miaka 36 hivi. Aliharakisha kuwapandisha Waafrika katika nafasi za utumishi zilizokuwa za Wazungu, na akakuta mezani kwake madai yaleyale aliyokuwa akiyaandika mwenyewe.

Wenzake wa zamani walikuwa wamegawanyika. Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa TFL, aliingia serikalini na kushika wizara iliyosimamia kazi. Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha reli alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu na kuanzisha chama cha upinzani. Victor Mkello wa chama cha wafanyakazi wa mashambani alibaki na watu wake wa mkonge. Kundi hili la pili liliamini kwamba uhuru bila chama huru cha wafanyakazi ni kubadilisha msimamizi tu.

Hoja ya serikali ilikuwa nyingine. Wenye ajira ya mshahara walikuwa wachache mbele ya mamilioni ya wakulima. Ikiwa kila kundi lenye uwezo wa kusimamisha bandari au reli litajichukulia fungu lake, nani atabaki kumjengea mkulima wa Miono au wa Namtumbo shule na zahanati? Kwa mtazamo huo, mshahara ulipaswa kupangwa na taifa zima, si na nguvu ya mgomo.

Ndipo zikaja sheria za 1962. Migogoro ya kazi ilitakiwa kupita kwanza katika usuluhishi na uamuzi wa serikali. Vyama vililazimika kuwa chini ya shirikisho moja, na shirikisho chini ya jicho la waziri. Watumishi wa serikali wa ngazi ya juu walizuiwa kuwa wanachama. Sambamba na hayo, wafanyakazi walipata maboresho ya masharti ya kazi, na kisha kima kipya cha mshahara.

Gharama ya Sh150

Nyongeza ya 1963 haikuwa ndogo. Waliobaki kazini waliiona katika nyumba zao: sukari, nguo za watoto, karo. Kwa mara ya kwanza kuli wa mjini aliweza kufikiria kumleta mke na watoto kuishi naye badala ya kuwatembelea kwa msimu. Ile hoja ya manamba asiye na familia ilikuwa imevunjwa kisheria.

Lakini si wote waliobaki kazini. Idadi ya walioajiriwa kwa mshahara ilishuka kutoka takriban 400,000 mwaka 1962 hadi karibu 340,000 mwaka 1963. Mashamba ya mkonge ndiyo yaliyopunguza zaidi. Wenye mashamba walifyeka vibarua wa palizi, wakaongeza kazi ya kila mtu, na wakageukia mashine pale ilipowezekana.

Wapinzani wa sheria walisema huo ni ushahidi kwamba kima cha chini hufukuza watu kazini. Watetezi walijibu kwamba waajiri walikuwa wamezoea kupoteza nguvu za watu kwa sababu zilikuwa rahisi, na kwamba mfanyakazi wa kudumu anayelipwa vizuri huzalisha zaidi ya vibarua wawili wenye njaa. Kila upande ulikuwa na la kushika. Uzalishaji wa mkonge haukuanguka mara moja. Ulifikia kilele mwaka 1964, zaidi ya tani 200,000. Kilichouangusha baadaye kwa kishindo ni bei ya dunia, baada ya kamba za nailoni na plastiki kuingia sokoni.

Kwa manamba aliyerudi Songea na kadi isiyo na kazi, hata hivyo, mjadala huo haukuwa na faida. Na mtu wa kumsemea alizidi kupungua. Januari 1963 Mkello alihamishwa kwa amri ya serikali hadi Sumbawanga kufuatia migomo ya mashambani. Januari 1964 askari waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika; Nyerere na Kawawa wakalazimika kujificha pamoja kwa muda. Baada ya maasi kuzimwa, viongozi zaidi ya 200 wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Februari mwaka huo TFL, nyumba aliyoijenga Kawawa, ilivunjwa kwa sheria. Mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja chini ya TANU, katibu mkuu wake akiwa ni waziri wa kazi mwenyewe.

Simba wa Vita

Kawawa aliendelea kuwa mtendaji mkuu wa maamuzi ya Mwalimu: Makamu wa Rais, kisha Makamu wa Pili baada ya Muungano, Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, Waziri wa Ulinzi, na baadaye katibu mkuu wa CCM. Alijulikana kwa jina la Simba wa Vita. Wapo waliomlaumu kwa kutekeleza amri kwa ukali kuliko zilivyotolewa, hasa wakati wa vijiji vya ujamaa.

Katika mishahara, serikali aliyoitumikia ilishika njia mbili kwa pamoja. Mwaka 1966 mishahara ya viongozi wa juu ilipunguzwa, ya Rais kwa asilimia 20. Mwaka 1967, kufuatia ripoti ya mtaalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa, nyongeza za kila mwaka ziliwekewa ukomo wa asilimia tano. Kawawa akiwa Waziri Mkuu, kima cha chini kilipandishwa mwaka 1974 hadi Sh340, wakati ukame na bei ya mafuta vilipovuruga bei ya chakula. Pengo kati ya mshahara wa juu na wa chini lilipungua sana. Lakini miaka ya mwisho ya sabini na mwanzoni mwa themanini bei zilikimbia, na mshahara ulioandikwa kwenye sheria haukuweza kuzifikia.

Mzee Kawawa alifariki dunia Desemba 31, 2009, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa Madale, Dar es Salaam. Waliomzika walimkumbuka kwa unyenyekevu na kwa maisha yasiyo na makuu. Aliondoka madarakani bila kashfa ya mali, jambo ambalo hata mahasimu wake hawakumnyima.

Swali alilolishika limebaki. Sheria za kazi za 2004 zilileta bodi za mishahara kwa kila sekta, na kila amri mpya ya mishahara inapotangazwa, waajiri huonya juu ya ajira na vyama vya wafanyakazi hukumbusha bei ya unga. Mei Mosi 2025 serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Kibarua wa shamba la mananasi au wa ujenzi huko Miono na Chalinze hakuwemo katika hesabu hiyo. Yeye hutegemea amri ya sekta binafsi, na mkaguzi wa kazi wa kuhakikisha inafuatwa.

Kawawa alijua vizuri kuliko viongozi wengi wa kizazi chake kwamba kima cha chini ni karatasi hadi pawepo mtu wa kukidai. Alianza maisha ya umma akiwa mtu huyo. Alipopata uwezo wa kukiandika kuwa sheria, alikiandika, na katika mwaka uleule akapunguza nguvu ya wale ambao wangekilinda.