Robert Koch: Tabibu Aliyekibaini Kimelea cha Kifua Kikuu, Tiba Ikamponyoka

Kila ifikapo Machi 24, dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Jioni ya Machi 24, 1882, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 38 aliwaeleza wanasayansi wenzake kwamba maradhi yaliyokadiriwa wakati ule kuua mtu mmoja katika kila watu saba husababishwa na kimelea cha aina moja, nacho huonekana kwa hadubini. Daktari huyo alikuwa Robert Koch.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu mwaka 1866, na kuanzia mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko nchini Poland. Mchana alitibu wagonjwa. Muda uliobaki aliutumia katika maabara aliyojitengenezea nyumbani kwake. Humo ndimo alimochunguza kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiangamiza mifugo ya wakulima waliomzunguka, na mwaka 1876 akathibitisha kuwa chanzo chake ni bakteria. Miaka minne baadaye aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya dola.

Kifua kikuu kilikuwa kigumu kuliko kimeta. Wengi waliamini kuwa ni udhaifu wa kurithi, mkosi wa ukoo. Kimelea chenyewe kimevaa ganda lenye nta lisilopitisha rangi za kawaida, na hukua polepole mno. Koch alibadilisha rangi, akaviacha vipande vya tishu ndani yake kwa saa 24, kisha akaongeza rangi ya kahawia; ndipo vijiti vyembamba vya buluu vikajitokeza. Alipoviotesha, wiki ya kwanza ilipita bila dalili yoyote. Mtafiti mwenye haraka angemwaga kila kitu. Yeye alisubiri hadi wiki ya pili, vikaota, akawadunga simbilisi navyo, nao wakaugua kifua kikuu. Wenzake, akiwamo Paul Ehrlich, waliiboresha haraka njia ya kupaka rangi. Hadi leo, makohozi yanayopimwa kwa hadubini hupakwa rangi kwa njia iliyotokana na kazi hiyo.

Subira hiyo ndiyo iliyomwishia mwaka 1890. Agosti ya mwaka huo, Berlin ilipokuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa kimataifa wa madaktari, Koch alitangaza kuwa amepata kitu kinachozuia kimelea kisikue. Novemba dawa ikaanza kutumika, ikaja kujulikana kama tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande, wengine wakiwa mahututi. Koch hakusema dawa imetengenezwa kwa nini, na siri hiyo ni vigumu kuitetea. Alikuwa amejidunga mwenyewe, akapata homa kali, lakini hakuwa na ushahidi wa kutosha kuwa dawa inaponya. Mapema mwaka 1891 Rudolf Virchow alionesha miili ya waliofariki baada ya kudungwa: ugonjwa haukuwa umetoweka, na kwa baadhi yao ulionekana kusambaa. Koch akalazimika kufichua kwamba dawa yake ni maji yaliyotolewa kwenye vimelea vya kifua kikuu kwa kutumia gliserini. Matumaini ya maelfu yakazimika.

Baadaye alifika Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani alichunguza malaria na maradhi ya mifugo, na mwaka 1905 akaonesha jinsi papasi wanavyoeneza homa ya papasi, ugonjwa ambao wenyeji walikuwa wameshauhusisha na mdudu huyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa Visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye aseniki iliyoitwa Atoxyl. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka daima. Waliolipa gharama hiyo walikuwa Waafrika chini ya tawala za kikoloni, na sifa zake za maabara hazilifuti jambo hilo.

Koch alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden. Dawa ya kwanza iliyoweza kweli kukiua kimelea chake, streptomisini, ilipatikana mwaka 1943, tena ikadhihirika upesi kuwa dawa moja pekee hukifanya kimelea kuwa sugu. Ndiyo sababu mgonjwa wa leo hupewa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida kwa miezi sita. Kikohozi huweza kukoma ndani ya wiki chache, lakini vimelea vilivyopunguza kasi ya maisha yao hubaki mwilini, na dawa huchukua muda mrefu kuvifikia. Kwa upande wa utambuzi, tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha mashine ya GeneXpert, inayosoma vinasaba vya kimelea katika makohozi na kutoa majibu kwa takriban saa mbili, pamoja na kuonesha iwapo kimekuwa sugu kwa rifampisini.

Inakadiriwa kuwa takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa kimelea hiki, wengi wao bila kuugua. Kwa hao, makohozi hayaoneshi kitu. Hapo ndipo tuberkulini, iliyoshindwa kuwa dawa, ilipopata kazi: Clemens von Pirquet mwaka 1907, kisha Charles Mantoux mwaka 1908, waliigeuza kuwa kipimo cha ngozi. Tuberkulini iliyosafishwa bado hudungwa kwenye ngozi ya mkono, na mhudumu wa afya hupima uvimbe wake baada ya saa 48 hadi 72.