Carl Meinhof: Mchungaji wa Baltiki aliyekipeleka Kinyakyusa vyuoni Ulaya

Na Mwandishi Wetu, Rungwe

IBIGHI, wilayani Rungwe, ni mahali ambapo kijana anaweza kumwamkia bibi yake kwa Kinyakyusa, akapatana bei ya ndizi kwa Kiswahili na kujaza fomu ya chuo kwa Kiingereza, yote hayo kabla ya adhuhuri. Zama za ukoloni wa Wajerumani, Tukuyu ilipokuwa ikiitwa Neu-Langenburg, kulikuwa na lugha nyingine ya watawala, yaani Kijerumani.

Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba lugha ya wazee wa Rungwe ilikuwa miongoni mwa lugha chache zilizotumika kuweka msingi wa taaluma ya lugha za Kibantu. Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mchungaji wa kijijini kando ya Bahari ya Baltiki. Jina lake ni Carl Meinhof.

Meinhof alizaliwa Julai 23, 1857 katika kijiji cha Barzwitz, jimbo la Pomerania, kaskazini mwa iliyokuwa Prussia. Alisoma teolojia, akafundisha shule kwa miaka kadhaa, na mwaka 1886 akapewa usharika wa Zizow, si mbali na alikozaliwa.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza inajitwalia makoloni barani Afrika. Kijana mmoja wa Kameruni, Njo Dibone, alikuwa amefika Ujerumani, na Meinhof akajifunza Kiduala kutoka kwake. Hivyo safari ya msomi huyo ilianza kwa Mzungu kuketi mbele ya mwalimu Mwafrika, jambo ambalo historia za sifa zake hulipita haraka.

Mwaka 1891, wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa. Walipoanza kujifunza na kuandika lugha ya wenyeji waliiita Kikonde. Kazi za wamisionari wa namna hiyo, kutoka pande mbalimbali za Afrika, ndizo alizozitegemea Meinhof.

Mwaka 1899, akiwa bado mchungaji, alichapisha kitabu kuhusu sauti za lugha za Kibantu. Humo alilinganisha lugha chache alizozichagua, kikiwamo Kiswahili, Kiherero cha Namibia, Kiduala, Kisangu na hicho Kikonde, ndicho Kinyakyusa.

Thamani ya Kinyakyusa katika kazi hiyo inaonekana kwa mfano mdogo. Kiswahili husema mtu na watu. Kinyakyusa husema umundu na abandu. Asiyejua ataona maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Meinhof alionyesha kuwa hapakuwa na bahati hapo. Katika shina la kale palikuwa na sauti n iliyofuatwa na t. Kiswahili kimeidondosha n. Kinyakyusa kimeihifadhi, kisha kikaigeuza t kuwa d. Kanuni hiyo hiyo hujirudia katika maneno mengine.

Aidha, Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kinyakyusa kina saba, idadi ambayo wataalamu wengi wanaamini ilikuwamo katika lugha mama ya Kibantu. Kwa maneno mengine, katika mazungumzo ya kawaida ya mkulima wa Rungwe yamo mambo ya kale ambayo Kiswahili kimekwisha kuyapoteza.

Kitabu hicho kilimfungulia milango. Mwaka 1902 alisafiri kuja Afrika Mashariki, na mwaka 1903 akaanza kufundisha mjini Berlin, katika chuo ambako Mswahili wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikuwa akifundisha Kiswahili tangu mwaka 1900. Mwaka 1906 Meinhof alitoa kitabu cha sarufi linganishi ya Kibantu. Namba za ngeli wanazozitumia wanafunzi wa isimu katika vyuo vikuu vyetu hadi leo zinatokana na mpangilio wa Wilhelm Bleek, ulioendelezwa na Meinhof.

Mwaka 1909 alihamia Hamburg, na chuo kikuu kilipoanzishwa huko mwaka 1919 akawa profesa wake wa lugha za Afrika.

Lakini kuna upande wa pili. Meinhof aliamini kuwa lugha zina madaraja kama alivyoamini kuwa watu wana madaraja. Katika kitabu chake cha mwaka 1912 aliwaweka juu watu aliowaita Wahamiti, akidai kuwa sarufi yao ni ushahidi wa ubora wa asili. Aliviingiza humo Kimasai, Kihausa na hata Kinama cha kusini mwa Afrika. Hoja hiyo ilibomolewa na Mmarekani Joseph Greenberg baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini kwa miongo mingi ilikuwa imewapa watawala kisingizio cha kuwagawa Waafrika. Mwaka 1933 Meinhof alijiunga na chama cha Hitler. Alifariki dunia Februari 11, 1944 mjini Greifswald.

Mwaka mmoja baadaye, kushindwa kwa Ujerumani kuliigeuza Pomerania. Wajerumani waliondolewa, Wapolandi wakahamia. Leo Barzwitz huitwa Barzowice, na Zizow huitwa Cisowo, na lugha ya mitaani huko ni Kipolandi. Kabla ya Kijerumani, pwani hiyo ilikuwa na wenyeji wa jamii ya Waslavi; Kislovinsi, mojawapo ya lugha zao za mwisho, kilitoweka katika karne ya 20.

Lugha ya Wajerumani, aliyodhani iko katika daraja la juu, ilitoweka vijijini kwake ndani ya miaka michache tu. Kinyakyusa kingali kinasemwa Rungwe, Kyela na, kwa jina la Kingonde, ng'ambo ya mpaka huko Karonga, Malawi.

Hata hivyo, hilo si kosa la kulala usingizi. Kinyakyusa si lugha ya kufundishia shuleni, na familia nyingi za mijini hulea watoto wao kwa Kiswahili pekee. Maisha ya Meinhof yanatufunza kuwa kitabu cha profesa huhifadhi kanuni za lugha, lakini lugha yenyewe huhifadhiwa na mzazi anayemsemesha mtoto.