Aliyechekesha Dunia Bila Kucheka

Wakazi wa Majengo, mtaa ulioanzishwa Pumwani, Nairobi, mapema katika miaka ya 1920, wanamjua vyema mcheshi wa barazani. Husimulia kisa huku amekaza uso, kana kwamba analeta habari za msiba. Wenzake wakishika mbavu, yeye huuliza kama chai imeiva.

Bingwa wa mchezo huo, ndugu msomaji, alikuwa Mmarekani Buster Keaton. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba, 1895, katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, akaitwa Joseph Frank. Wazazi wake walikuwa wachezaji wa jukwaani waliozunguka mji hadi mji, nao walimwingiza mchezoni angali mtoto mdogo. Baba yake alimrusha huku na huko, na nguo zake zilishonewa mkono wa sanduku ili ashikike vizuri. Hapo ndipo mtoto alipoigundua siri: akicheka yeye, watazamaji hupunguza kicheko, akikaza uso, ukumbi huvuma.

Mwaka 1917 aliingia katika filamu kwa kuongozwa na Roscoe Arbuckle, na kufikia 1920 alikuwa akitengeneza filamu zake mwenyewe. Zilikuwa filamu bubu, na vitendo vya hatari alivitenda kwa mwili wake. Katika Sherlock Jr. ya 1924, maji ya tangi la reli yalimwangusha akavunjika mfupa wa shingo, asijue mpaka alipopigwa eksirei miaka mingi baadaye. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba ulimwangukia, akanusurika kwa kuwa alisimama pale palipopitiwa na dirisha lililo wazi. Angekosea hatua moja tu, angekufa. Uso wake haukubadilika.

Hata hivyo, ukuta uliomwangusha kweli ulikuwa wa karatasi. Filamu yake The General, ambayo leo husifiwa kote duniani, iligharimu fedha nyingi na haikuleta faida iliyotazamiwa. Mwaka 1928 alitia sahihi mkataba wa kuwa mwajiriwa wa kampuni ya MGM. Uhuru wa kubuni vichekesho vyake ukamponyoka. Ndoa yake ilivunjika 1932, pombe ikamtawala, na 1933 akaachishwa kazi.

Wengi wangekata tamaa hapo. Keaton alikubali kazi ya chini, akawatungia wengine vichekesho. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, na maisha yake yakatulia. Mwaka 1952 alionekana pamoja na Charlie Chaplin katika Limelight, na mwaka 1960 alikabidhiwa tuzo ya heshima ya Oscar. Alifariki kwa kansa ya mapafu tarehe 1 Februari, 1966, akiwa na umri wa miaka 70.

Maisha yake yanatufunza kwamba kukaza uso si kukosa moyo. Mcheshi wa namna hii huwaachia watazamaji kicheko chote, naye hubaki na uchungu wake, usionekane na mtu. Basi jioni ukimkuta yule mzee wa barazani amenyamaza baada ya kuwavunja watu mbavu, mcheke kisa chake, lakini usisahau kumjulia hali.