Meinertzhagen: Jasusi Aliyejiandikia Sifa

Hadithi za upelelezi zina wapenzi wengi katika lugha yetu. Tangu Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipotuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, na tangu Elvis Musiba alipomtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, wasomaji wengi wamekesha wakifunua kurasa. Bwana Msa na Willy Gamba ni watu wa kubuni, na msomaji alilijua hilo kabla ya kufungua kitabu. Leo nataka kueleza habari za mtu aliyezaliwa kweli na akafa kweli, lakini sehemu kubwa ya ushujaa wake aliibuni mwenyewe, kisha akaiuza kuwa historia. Naye hakuwa mtu wa mbali nasi. Damu aliyoimwaga ni ya nchi hii, na milima alikoimwaga huonekana na kila aliyesimama katika uwanda wa Kano akatazama kaskazini.

Jina lake ni Richard Meinertzhagen. Alizaliwa Uingereza mwaka 1878, katika ukoo wa mabenki wenye mali nyingi. Mama yake alikuwa ndugu wa Beatrice Webb, mwanamke aliyesifika kwa maandishi yake juu ya jamii na siasa. Kijana Richard hakuupenda ubenki. Alipenda ndege wa porini, bunduki, na safari. Akaingia jeshini mwaka 1899, akapelekwa India, na mwaka 1902 akashuka Mombasa kuwa ofisa wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika ziwani. Chuma cha mwisho kilitiwa mwezi Desemba 1901, pale Kisumu, ambapo Waingereza walipaita Port Florence. Lakini kufika ziwani si kutawala njia ya kwendea huko. Wanandi, wakiongozwa na Orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, walikuwa wakipambana na wageni tangu mwaka 1895. Waliing'oa reli, wakakata waya wa simu, na chuma kile wakakifanya silaha na mapambo. Kwa serikali ya kikoloni hili lilikuwa jambo la usalama wa dola, maana waya ukikatwa Nandi, Kisumu na Uganda zilikuwa viziwi.

Tarehe 19 Oktoba 1905, mahali panapoitwa Ketbarak, Meinertzhagen alikutana na Koitalel kwa jina la kufanya suluhu. Koitalel hakuondoka pale akiwa hai. Alipigwa risasi, na wenziwe wengi wakauawa pamoja naye. Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego, na kwamba alijikinga tu. Wanandi husimulia kizazi hadi kizazi kwamba kiongozi wao alikuja kwa amani na akauawa kwa hila. Hata baadhi ya Waingereza wenziwe hawakuyaamini maelezo yake. Mabaraza ya uchunguzi yalikaa mara tatu. Yakamwondolea lawama, lakini mwaka 1906 akaondoshwa nchini. Vita vya Wanandi vilivunjika, na watu wakahamishwa kutoka sehemu ya ardhi yao.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyomrudisha. Alikuja kama ofisa wa upelelezi pamoja na jeshi lililotoka India, likashuka Tanga mwezi Novemba 1914. Jeshi lile lilikuwa na watu wapatao 8,000, na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, pamoja na askari wao wa Kiafrika, walikuwa kama 1,000 tu. Waingereza wakapigwa wakarudi melini. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kubwa mojawapo ilikuwa ujinga wa habari: hawakujua adui yuko wapi, yuko na wangapi, wala anatazamia nini.

Baada ya hapo Meinertzhagen akapewa kazi ya kujenga idara ya upelelezi, makao yake Nairobi. Hapa lazima tumpe haki yake, kwani kazi hiyo aliifanya kwa bidii. Aliwatumia Waafrika wengi kuvuka mpaka na kurudi na habari. Njia yake iliyojulikana zaidi haina utukufu wowote: maofisa wa Kijerumani walipokosa karatasi za chooni porini walitumia barua na amri za jeshi, na wapelelezi wake wakaziokota makaratasi hayo, yakaoshwa na kusomwa. Katika filamu jasusi huvaa suti nyeupe na kunywa kinywaji cha thamani. Katika vita vya kwetu jasusi alikuwa mtu wa miguu mitupu akichakura jaa.

Mwezi Juni 1915 jeshi la Waingereza lilipakiwa katika meli za ziwani pale Kisumu, likavuka Ziwa Viktoria kwenda Bukoba, upande wa Wajerumani. Shabaha kubwa ilikuwa kuvunja mtambo wa simu ya upepo ambao Wajerumani waliutumia kupeleka habari. Mtambo ukavunjwa, na mji ukaporwa. Meinertzhagen alikuwamo katika safari hiyo. Ndivyo gati la Kisumu lilivyokuwa kituo cha vita vya siri, huku vijana wa Nyanza wakichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo katika Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi makwao, na walio wengi hata kaburi lenye jina hawana.

Mwishoni mwa mwaka 1916 Meinertzhagen aliondoka, na mwaka uliofuata akawa Misri na Palestina chini ya Jenerali Allenby. Huko ndiko ilikozaliwa hadithi iliyomfanya maarufu duniani. Kabla ya vita vya Beersheba, mwezi Oktoba 1917, mpanda farasi wa Kiingereza aliwakaribia Waturuki, akajifanya amejeruhiwa, akaangusha mkoba wenye damu na makaratasi ya uongo, ili adui aamini kwamba shambulio litakuja Gaza. Beersheba ikatekwa tarehe 31 Oktoba. Meinertzhagen aliandika kwamba hila ilikuwa yake na kwamba mpanda farasi alikuwa yeye. Dunia ikaamini. Hila ile ikawa somo kwa wapelelezi wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1987 ikaingia katika filamu ya Waaustralia, The Lighthorsemen, ambamo Anthony Andrews anamwigiza Meinertzhagen akiwa shujaa mwenye akili kali.

Nilipokuwa Pap Onditi, kule Nyakach, nilikaa katika hoteli ya chai na vijana wawili watatu wapenzi wa filamu za kijasusi. Mmoja wao alikuwa ameiona filamu hiyo na aliusimulia mkoba ule kwa furaha kubwa. Nilipomuuliza kama anajua yule bwana alifanya nini katika milima inayoonekana ng'ambo ya uwanda, alinyamaza. Koitalel alimjua tangu shuleni. Meinertzhagen alimjua tangu sinema. Hakuna aliyemwambia kwamba mwuaji wa yule wa kwanza ndiye huyu wa pili. Simlaumu kijana. Mwenye kalamu ndiye aliyewatenganisha.

Maana Meinertzhagen aliishi muda mrefu, akafa London mwaka 1967, na uzeeni alitoa shajara zake zikawa vitabu. Kenya Diary ilitoka mwaka 1957, Army Diary mwaka 1960, na vingine. Humo msomaji hukutana na mtu ambaye kila penye jambo kubwa yupo. Alidai kuwa alikutana na Hitler, mara moja akiwa na bastola mfukoni. Alidai kuwa alishiriki katika kumtorosha binti wa Mfalme wa Urusi kwa ndege. Wanahistoria waliyanakili mengi ya maneno yake, kwa kuwa shajara hudhaniwa kuwa shahidi asiyesema uongo.

Walioanza kumfichua hawakuwa wanahistoria wala makachero, bali wataalamu wa ndege. Meinertzhagen alisifika kwa ukusanyaji wa ndege, na nguruwe mkubwa wa msituni aliyepatikana Kenya mwaka 1904 hata leo hubeba jina lake katika elimu ya wanyama. Katika miaka ya 1990 wataalamu walizichunguza ngozi za ndege alizoziacha. Wakagundua kwamba nyingi alikuwa ameziiba katika makumbusho, akazibandika vibandiko vipya vyenye tarehe na mahali pa uongo. Kisha wengine wakazigeukia shajara, wakaona kurasa zilizopigwa chapa na kuingizwa baadaye. Mwaka 2007 Brian Garfield, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa hadithi za kusisimua, alitoa kitabu kizima cha kuonyesha uongo huo. Humo hata mkoba wa Beersheba unarudishwa kwa wengine: fikra kwa ofisa aliyeitwa Belgrave, na safari ya farasi kwa Arthur Neate.

Sisi tuliofunzwa chuoni tunakumbuka kwamba neno jasusi limetoka katika Kiarabu, na kwamba Sura ya Hujurat inawakataza waumini kupelelezana. Lakini sura hiyo hiyo, aya chache kabla, inaamrisha jambo jingine: akija mtu mpotovu na habari, ichunguzeni kwanza, msije mkawadhuru watu kwa kutojua. Habari za Ketbarak zilipokewa kwa mdomo wa aliyevuta bastola, zikatiwa vitabuni, na kwa miaka mingi masimulizi ya Wanandi yakahesabiwa kuwa maneno ya wazee tu. Sasa tunajua kwamba huyu aliyeaminiwa alidanganya hata juu ya ngozi ya ndege. Atakayemwamini juu ya damu ya Koitalel na ajieleze.

Mwaka 2006 mwanawe Meinertzhagen alizirudisha kwa Wanandi fimbo tatu za Koitalel, ambazo baba yake alizichukua siku ile ya mauaji. Wanandi wanasema kwamba kichwa cha kiongozi wao nacho kilipelekwa Uingereza, na hadi leo wanakidai.

Zipo kazi mbili mbele ya watunzi wetu. Ya kwanza ni kuandika habari za Ketbarak kwa Kiswahili, ili kijana wa Nyakach na wa Nandi, na wa Mombasa pia, wazisome kwa lugha moja. Ya pili ni ngumu zaidi: kuwatafuta wale Waafrika waliovuka mpaka usiku kwa miguu wakaleta habari, wakalipwa kidogo au wasilipwe, na majina yao hayamo katika shajara ya mtu yeyote. Anayetaka kuandika riwaya ya ujasusi hana haja ya kwenda London kuitafuta. Aanze gatini Kisumu, mwezi Juni 1915, meli zikipakia.