Daktari William Withering (1741–1799): Maisha ya Mtu Aliyeipima Dawa ya Mama Mzee

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika, ni desturi njema kuwakumbuka si wale tu waliojenga kuta za kanisa, bali pia wale ambao kazi yao imewafikia watu wetu kwa njia ya zahanati na hospitali. Tangu mwanzo wa kazi ya misheni, mahubiri na tiba vilikwenda pamoja. Na kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa, wazee wetu walikwisha kuwa na dawa zao za mizizi, magome na majani. Namna ya kuzipima dawa hizo, ili ijulikane ipi inaponya, ipi haifai na ipi inaua, ni swali ambalo halijatutoka hadi leo. Kurasa hizi zinasimulia maisha ya daktari mmoja wa Uingereza aliyelishughulikia swali hilo kwa uaminifu mkubwa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Kuzaliwa na elimu yake

William Withering alizaliwa tarehe 17 Machi 1741 katika mji mdogo wa Wellington, jimbo la Shropshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa dawa. Kijana alipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, ambako alihitimu udaktari mwaka 1766. Jambo la kushangaza ni kwamba alipokuwa mwanafunzi hakuwa na hamu yoyote na somo la mimea, wala hakuficha jambo hilo mbele ya wazazi wake.

Baada ya masomo alianza kazi katika mji wa Stafford. Huko alimtibu binti mmoja, Helena Cookes, aliyekuwa na kipaji cha kuchora maua. Daktari akawa anatembea mashambani kumtafutia mimea ya kuchora, na kidogo kidogo somo alilolichukia likawa furaha yake. Wawili hao walifunga ndoa mwaka 1772. Miaka minne baadaye, 1776, Withering alitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya Uingereza, akifuata mpangilio wa Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyekuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri.

Mwaka 1775 alihamia Birmingham, mji uliokuwa ukikua haraka kwa viwanda. Aliyemshauri kwenda huko ni daktari mwenzake, Erasmus Darwin. Hapo alijiunga na kundi la wataalamu waliokutana nyakati za mwezi mpevu, ili wapate mwanga wa kurudia nyumbani usiku. Miongoni mwao walikuwamo James Watt na Joseph Priestley. Pamoja na wagonjwa wenye uwezo, Withering alitenga saa moja kila siku kuwahudumia maskini bila malipo, na idadi yao ilifikia kati ya elfu mbili na elfu tatu kwa mwaka.

Dawa ya mama mzee

Katika mwaka huo wa 1775 aliombwa maoni juu ya dawa iliyotumiwa na familia moja kutibu ugonjwa wa kujaa maji mwilini. Wagonjwa wa namna hiyo walivimba miguu na tumbo, wakashindwa kupumua walalapo, na wengi wao walikufa. Dawa yenyewe ilikuwa siri ya mama mmoja mzee wa Shropshire, ambaye ilisemekana aliwaponya baadhi ya watu ambao madaktari walikwisha kuwakatia tamaa. Ilikuwa mchanganyiko wa mimea ishirini au zaidi, na aliyeinywa alitapika na kuharisha sana.

Daktari wa wakati ule angeweza kuidharau dawa hiyo kwa sababu imetoka kwa mwanamke wa kijijini asiye na shahada. Withering hakuidharau. Wala hakuipokea yote kama ilivyo. Kwa ujuzi wake wa mimea aliipitia orodha ile, akatambua kwamba mmea wenye nguvu ndani yake hauwezi kuwa mwingine ila ule uitwao kwa Kilatini Digitalis. Jina hilo lilitolewa mwaka 1542 na Leonhart Fuchs, profesa wa Ujerumani aliyeitwa Tübingen mwaka 1535 kukitengeneza upya chuo kikuu cha huko kwa roho ya Matengenezo ya Kanisa. Wajerumani huuita mmea huo subana, kwa kuwa maua yake yana umbo la subana avaayo mshonaji kidoleni, na Fuchs alitafsiri maana hiyo kwa Kilatini.

Miaka kumi ya kupima

Watu walikwisha kuujua mmea huu kwa karne nyingi, na walijua pia kwamba ni sumu. Lililokosekana ni kipimo. Kwa miaka kumi, kuanzia 1775 hadi 1785, Withering aliutumia kwa wagonjwa na kuandika habari za kila mmoja: umri wake, dalili zake, kiasi cha dawa alichopewa, na yaliyomtokea baadaye.

Mwanzoni alitumia kiasi kikubwa mno, na wagonjwa wake waliteseka. Hapana budi kukumbuka kwamba wengi wa wale wa kwanza walikuwa maskini waliokuja kutibiwa bure. Hivyo hatari ya kujifunza iliwaangukia wao. Withering mwenyewe aliliandika kosa hilo la kipimo waziwazi katika kitabu chake, wala hakulifunika.

Hatua kwa hatua aliyatatua matatizo matatu. La kwanza lilikuwa sehemu ya mmea. Mzizi ulitofautiana nguvu kwa majira ya mwaka, kwa hiyo aliuacha na kuchagua majani, yakichumwa wakati mmea unapoanza kutoa maua, kisha yakakaushwa na kusagwa. La pili lilikuwa kiasi. Alikifikisha kipimo kuwa punje moja hadi tatu za mizani ya wauza dawa, yaani takriban miligramu 65 hadi 195 za unga wa majani, mara mbili kwa siku. La tatu, na kubwa kuliko yote, lilikuwa wakati wa kuacha. Aliagiza dawa iendelee mpaka ionekane imefanya kazi katika mkojo, tumbo, mapigo ya mshipa au choo, na mara tu dalili mojawapo inapotokea, isimamishwe. Aliorodhesha pia dalili za sumu: kichefuchefu, kuona vitu kwa rangi ya njano au kijani, mapigo kupungua sana, kuzimia, na hatimaye kifo.

Kwa muda mrefu alidhani kazi kubwa ya dawa hii ni kuongeza mkojo. Hata hivyo aliona pia kwamba ina uwezo juu ya mwendo wa moyo ambao hakuuona katika dawa nyingine yoyote, akawaachia watakaokuja baadaye waufuatilie.

Kitabu cha mwaka 1785

Kufikia mwaka 1785 habari za dawa hiyo zilikuwa zimeenea, na wengine waliitumia vibaya. Withering aliogopa mambo mawili: kwamba mmea wenye faida utatupwa kwa sababu ya madhara ya wasioujua, au utaendelea kutumiwa ovyo. Ndipo akachapisha kitabu chake juu ya mmea huo, chenye habari za wagonjwa zaidi ya 150.

Kilichokipa kitabu hicho heshima ya kudumu ni uamuzi alioueleza katika utangulizi wake. Angeweza kuchagua wale waliopona tu, na sifa zake zingekuwa kubwa zaidi. Badala yake aliandika habari za kila mgonjwa aliyempa dawa hiyo, aliyestahili kupewa na asiyestahili, aliyepona na aliyekufa. Kwa njia hiyo msomaji angeweza kuihukumu dawa mwenyewe.

Hata hivyo maisha yake hayakukosa doa wala uchungu. Mwaka 1780 Erasmus Darwin, rafiki aliyemkaribisha Birmingham, alitangulia kuchapisha habari za wagonjwa waliopewa mmea huo bila kumtaja Withering. Jambo hilo lilichangia kuuharibu urafiki wao. Lakini Withering naye, aliyeumizwa kwa kutotajwa, hakuliandika jina la yule mama mzee wa Shropshire. Jina ambalo baadhi ya watu wamempa lilitoka katika tangazo la kampuni ya dawa ya Marekani la mwaka 1928, na halina ushahidi wa kihistoria. Maelfu kwa maelfu wamenufaika na maarifa yake, na hakuna ajuaye alizikwa wapi.

Mwisho wa maisha yake

Withering alikuwa na ugonjwa wa kifua kikuu uliomdhoofisha mwaka hadi mwaka. Ili kuukimbia ubaridi wa Uingereza alikwenda Lisbon, Ureno, katika majira ya baridi ya 1792 na ya 1793. Hata huko hakukaa bure, bali alipima maji ya chemchemi ya moto iliyotumiwa na wagonjwa. Alifariki dunia tarehe 6 Oktoba 1799, akiwa na umri wa miaka 58, akazikwa katika kanisa la zamani la Edgbaston, Birmingham. Katika jiwe la kumbukumbu yake lilichongwa ua la mmea ule ule.

Matunda ya kazi yake

Baada ya kifo chake wengi walisahau maonyo yake, wakautumia mmea huo kwa homa na hata kwa kifua kikuu, bila faida. Baadaye wataalamu walirudi katika njia ya kupima. Mwaka 1930 mkemia wa Uingereza, Sydney Smith, alitenga kutoka katika mmea wa jamii hiyo dawa iitwayo digoksini. Leo inajulikana kwamba dawa hiyo huyafanya misuli ya moyo ijikaze kwa nguvu zaidi na huyatuliza mapigo yaendayo mbio bila mpangilio. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha wagonjwa 6,800 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba digoksini ilipunguza kulazwa hospitalini kwa wenye moyo dhaifu, lakini haikupunguza idadi ya vifo vyao. Withering angeandika yote mawili.

Afrika nayo ina sehemu katika habari hizi. Katika safari ya David Livingstone kwenye mto Zambezi, iliyoanza 1858, daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikusanya sumu ya mishale iitwayo kombe. Mswaki wake uliguswa na sumu hiyo, naye akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Huko Edinburgh profesa Thomas Fraser aliipima, akatoa ndani yake dawa ya moyo. Maarifa ya wawindaji wetu, kama yale ya mama wa Shropshire, yalipimwa yakaonekana kuwa kweli.

Funzo kwetu

Hapa Tanzania kazi ya kupima dawa za asili ilianzishwa rasmi Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kitengo hicho kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Mwaka 2011 umati mkubwa ulimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kilichotolewa na mchungaji wetu mstaafu, Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021. Waliotoa ushuhuda wa kupona walisikika kote nchini. Waliokunywa na wasipone, na wale walioacha dawa za hospitali kisha wakazidiwa, hawakuandikwa katika daftari moja pamoja nao. Bila daftari la namna hiyo hakuna awezaye kuisifu dawa kwa haki, wala kuilaani kwa haki.

Ndugu msomaji, bado wako miongoni mwetu akina mama na akina baba waujuao mti fulani wa homa au wa tumbo, na umri wao ni mkubwa. Inafaa wasikilizwe kwa heshima, na majina yao yaandikwe pamoja na yale wanayoyajua. Inafaa pia dawa zao zifikishwe kwa wenye mizani na vipimo, na matokeo yasomwe yote, ya kupendeza na ya kuhuzunisha. Vijana wa usharika wanaosomea uuguzi, udaktari na ufamasia wanakabidhiwa kazi hiyo katika karne ya pili tunayoianza.