Sayyidna Umar na Stahili ya Mtumishi

Askari polisi wetu wanapokabidhiwa vyeti na fedha kwa utumishi uliotukuka, iwe makao makuu au kwa askari wa kata huko Kihanga, Karagwe, watu huulizana: amezawadiwa anayestahiki, au anayejulikana na wakubwa?

Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyekuwa akizunguka Madina usiku kwa doria yeye mwenyewe, alilikabili swali hilo ndani ya nyumba yake. Mali ya Waislamu ilipoongezeka alianzisha diwani, yaani daftari la majina na posho, na waliotangulia katika Uislamu wakatangulizwa. Muhajirina wa mwanzo akawapangia dirham 4,000. Mwanawe Abdullah, naye Muhajirina, akampa 3,500. Alipoulizwa, alieleza kuwa kijana huyo alihajiri kwa kuchukuliwa na wazazi wake, hivyo halingani na aliyehama kwa nafsi yake. Tunakiri, ni wazazi wachache wangethubutu!

Alipouawa mwaka 23 Hijria (644), khalifa huyo alikuwa na deni la takriban 86,000. Aliyemuusia kulilipa, kutoka katika mali ya ukoo wao, ni Abdullah yule yule.